Kilichokuwa Nyuma ya Spika

Ninyi vijana mnaotengeneza simu kwenye vibanda vya Mwanjelwa, na ninyi wa kule Iringa mjini ambao sijawaona lakini najua mpo, hebu nitegeeni sikio. Mimi ni fundi redio mstaafu. Nimeifanya kazi hii tangu redio ilipokuwa mali ya kukatiwa leseni posta, mpaka zilipokuja hizi ndogondogo ambazo zikiharibika mtu anatupa jalalani. Macho yameisha, mikono inatetemeka, na chuma changu cha kulehemu nimempa mjukuu ambaye anakitumia kuzuia mlango usijifunge. Nimebakiwa na mdomo tu.

Juzi nilipeleka kisimu changu kwa mmoja wenu. Kijana mzuri, ana heshima, aliniita babu. Akakifungua, akakipuliza, akakiwasha, na kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chipsi: "Babu, kumbe una hela humu!" Alikuwa amesoma ujumbe wa salio. Watu wote waliokuwa pale wakageuka kunitazama. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafurahi kwa niaba yangu. Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani moyo ulikuwa mzito, maana na mimi niliwahi kuwa kijana wa namna ile, na mtu alikufa.

Sitaki kuwatisha. Nataka kuwasimulia.

Kazi nilijifunzia Iringa, kwa Mzee Kalinga, Mhehe mfupi mwenye kikohozi, aliyejifunza mambo ya redio jeshini wakati wa Waingereza. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, na ndani yake kulikuwa na jiko la mkaa lenye kazi mbili: kupasha moto chuma cha kulehemu na kutuzuia tusife kwa baridi. Mwezi wa sita na wa saba Iringa, vidole vilikufa ganzi mpaka skrubu ikidondoka huisikii mkononi, unaisikia ikigonga sakafu. Siku moja nilimaliza redio ya mwalimu mmoja, nikaifunga vizuri, na mezani ikabaki skrubu moja. Nikaitia mfukoni. Mzee Kalinga alikuwa amenipa mgongo, lakini akasema, "Wewe, redio haijifungui yenyewe ikazaa skrubu. Rudia." Nikarudia kazi yote tangu mwanzo.

Aliniambia mambo mengi ambayo hayapo kwenye vitabu vyenu. Kwamba betri iliyochoka usiitupe, ianike juani juu ya bati siku nzima, itakupa taarifa ya habari ya siku mbili zaidi. Kwamba redio isiyotumika itolewe betri, kwani betri ikivuja yale maji yake yanakula waya kama mchwa. Kwamba hela ya spea aliyokutangulizia mteja si hela yako, hata kama umelala njaa. Iweke kwenye kopo lake, na hela yako kwenye kopo lako, na makopo hayo yasijuane. Hilo la makopo lilinisaidia sana maishani. Limenisomeshea watoto wanne. Kama kuna mmoja wenu ambaye hela ya kioo cha simu ya mteja imo kwenye chipsi alizokula mchana, nazungumza naye.

Lakini amri yake kubwa ilikuwa nyingine. Ili muielewe, lazima mjue redio za wakati ule zilivyokuwa. Nyingi zilikuwa na kasha la mbao, kubwa kama sanduku la mwanafunzi. Nyuma kulikuwa na kimlango kidogo cha kubadilishia betri, na huo ndio mlango pekee ambao mwenye redio aliujua. Mgongo wote uliobaki ulikuwa wa kadibodi ngumu iliyoshikwa na skrubu nne. Ukizifungua hizo, unakuta spika, waya, na nyuma ya spika nafasi tupu ambamo kuku angeweza kuatamia. Ninyi mna namba ya siri. Watu wa wakati ule walikuwa na skrubu nne.

Tulikuta kila kitu humo. Mende, bila shaka. Kiota cha panya na watoto wake. Hirizi. Barua za mapenzi, tena za mtu ambaye si mke. Na hela. Hela zilikuwa nyingi kuliko mnavyofikiri, kwa sababu benki ilikuwa mjini, posta ilikuwa mjini, na mtu alikuwa kijijini na jembe lake. Wafugaji waliotoka kaskazini wakahamia Usangu walitucheka. Nakumbuka mmoja alileta redio yake siku ya mnada Chimala, nikamwonya asiweke noti humo ndani kwa sababu ya betri kuvuja. Akaniambia, "Benki yangu mimi inakula majani, na mwakani itazaa." Mwaka uliofuata ng'ombe wake karibu wote walikufa kwa ugonjwa. Sikumcheka. Kila mahali pa kuweka mali pana adui yake.

Basi amri ya Mzee Kalinga ilikuwa hii: "Ulichokikuta ndani, kirudishe pale pale kilipokuwa, funga skrubu, nyamaza."

Nikamuuliza, maana nilikuwa mjuaji, "Hata kama ni nyoka?"

"Nyoka mtoe. Lakini unyamaze."

Nilicheka. Sikumuuliza kwa nini, na yeye hakuwa mtu wa kueleza kitu ambacho hukuuliza.

Miaka ya katikati ya sabini nikahamia Mbalizi, nikapanga kibaraza cha duka. Mahali pazuri. Watu wa Umalila walishuka pale kuuza viazi na pareto, na siku ya soko nilipata redio tano, sita. Nilikuwa nimeoa karibuni, mke wangu ana mimba ya kwanza, na tulikuwa tunakula vizuri. Halafu likatokea neno. Karani mmoja niliyemtengenezea redio akaenda akitangaza kwamba nimemtolea spika nzima nikamwekea kuukuu. Uongo mtupu. Lakini mnajua jina la fundi lilivyo: likichafuka, hakuna sabuni. Kwa miezi miwili wateja walipita mbele yangu wamekumbatia redio zao, wakapanda gari kwenda kutengenezesha Mbeya mjini. Mwenye duka akaanza kunikumbusha kodi ya kibaraza kila asubuhi badala ya kunisalimia. Kila nilipomtazama mke wangu na tumbo lake nilisikia hofu. Nayasema haya ili mjue nilikuwa katika hali gani, si ili mnisamehe.

Wakati huo ndipo alipokuja Mzee Mwazembe.

Alikuwa mzee wa kanisa kutoka Umalila, mrefu, mwenye koti jeusi na maneno machache. Redio yake aliileta mwenyewe kichwani, kilomita sijui ngapi za mteremko, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono na maua pembeni. Aliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Imekuwa bubu," akasema. "Taa inawaka, sauti hamna. Betri nimeweka mpya."

"Uiache mzee, uje Jumamosi."

"Usiipe mtu mwingine. Hii nyumbani hapana mtu anaigusa. Mama ndiye anaifuta vumbi, basi."

Nilipoigeuza niliona jambo ambalo fundi yeyote mwenye macho angeliona. Vichwa vya zile skrubu nne vilikuwa vimechubuka. Zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na si kwa bisibisi. Kitu chembamba chenye ncha, kama kisu cha kumenyea viazi. Nikafungua. Nyuma ya spika kulikuwa na fundo la kitambaa cha kanga, limekazwa kwa fundo lile ambalo mama zetu wanafungia hela kwenye pindo la nguo. Ndani zilikuwa noti. Kuukuu, ndogondogo, zimekunjwa moja moja. Zilifika mia sita na ushee, na wakati ule hizo hazikuwa hela za mchezo. Fundo lilikuwa limenenepa kidogo kidogo mpaka limeusukuma waya wa spika ukakatika. Ndicho kilichoifanya redio iwe bubu. Akiba yenyewe ndiyo iliyoiua sauti.

Kanga, fundo la kike, alama za kisu cha jikoni, na mwanaume ambaye amesema mwenyewe nani anaifuta vumbi. Nilikuwa na kila kitu mbele yangu. Ningeweza kuulehemu ule waya, nikaupitisha upande mwingine, nikalirudisha fundo, nikafunga. Dakika kumi. Lakini nilichokiona mimi kwenye lile fundo ni jina langu limeoshwa. Nikajisemea, hizi ni hela za mteja, na fundi mwaminifu humkabidhi mteja hela zake. Nani angenilaumu kwa hilo?

Jumamosi Mzee Mwazembe alipofika nilisubiri kibaraza kijae. Nakiri hivyo. Nilisubiri. Nikaiwasha redio, ikaimba, watu wakasogea. Halafu nikatoa lile fundo, nikaliinua juu.

"Mzee, na hizi nimezikuta ndani. Hesabu mwenyewe mbele ya watu, uone kama imepungua hata senti."

Aliliangalia lile fundo kwa muda mrefu. Niliuona uso wake, na niliona wazi kwamba hakulijua. Watu walikuwa wanamtazama. Mzee wa kanisa, mwenye nyumba, hajui kilichomo ndani ya redio yake mwenyewe. Akalichukua, akalitia mfukoni bila kulifungua.

"Eh, nilikuwa nimeziweka humo," akasema. "Zilinitoka kichwani."

Kibaraza chote kikanishangilia. Mwenye duka akanipiga begani. Akinamama wa viazi wakasema, huyu ndiye fundi. Wiki iliyofuata Mzee Mwazembe akaniletea gunia la viazi, bure, akalishusha bila maneno. Viazi vya Umalila mnavijua, vinapasuka vikichemka. Tulivila kutwa mara mbili, mimi na mke wangu, na redio zikaanza kurudi mezani. Jina langu likawa Fundi Mwaminifu. Hata wale wasiojua jina langu la ubatizo waliniita hivyo.

Siku ya soko nyingine akaja mama mmoja. Kibaraza kile kilikuwa na ngazi mbili tu, lakini alipozipanda alisimama akahema kama aliyetoka kupanda mlima Loleza. Shingoni alikuwa amezungushia kitambaa, na sikushangaa, kulikuwa na baridi.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama."

"Ni wewe ulitengeneza redio ya Mzee Mwazembe?"

"Ni mimi, mama. Imesumbua tena?"

"Haisumbui. Inaimba." Alikaa kwenye gunia. "Mimi ni mama Sekela, mke wake. Nyuma ya spika ulikuta nini?"

Nilianza kuelewa hapo, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea sifa. "Nilikuta hela, mama. Nikamkabidhi mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akafungua kile kitambaa. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo waliokuwa nao watu wengi wa milimani enzi zile, lakini la kwake lilikuwa kubwa, limeinamia upande mmoja, na ngozi imevutika mpaka inang'aa.

"Hospitali ya misheni walisema nikatwe. Wakanitajia hela yake. Baba Sekela akasema bibi yake alikuwa nalo kubwa kuliko hili, akafa mzee, hakukatwa na mtu. Basi nikanyamaza. Nikawa nabakiza kidogo kidogo, kila nikishuka na viazi. Miaka minne. Redio mimi ndiye naifuta vumbi, nikaona pale hapana mtu atatia mkono. Wewe sikukufikiria."

Nikasema jambo la kijinga, kwa sababu mtu aliyebanwa husema ya kijinga. "Mama, si ungeweka posta? Wanakupa kitabu, hela yako inakaa salama."

"Na kitabu ningekiweka wapi?"

Nikamuuliza kama mumewe alimpiga.

"Hakunipiga. Hata kuuliza hakuuliza. Alikwenda Mbeya, akarudi na bati. Nyumba yetu sasa ni ya bati." Akakifunga tena kitambaa chake, taratibu, kama mtu anayefunga mtoto. "Nini kilikuwasha, fundi? Si ungefunga tu?"

Akashuka zile ngazi mbili akaenda zake. Sikuweza kufanya kazi tena siku ile. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa na hasira ndani yake, nikamkasirikia karani aliyenizushia, nikamkasirikia Mzee Mwazembe, hata mama yule nikamkasirikia kwa kuficha hela mahali penye waya. Ilinichukua siku kadhaa kufika kwangu mwenyewe.

Nilipanda basi nikaenda Iringa kumwambia Mzee Kalinga. Nilitaka mtu wa kuniambia kwamba nilifanya haki. Nilimkuta amelala kwenye mkeka kando ya jiko, kikohozi kimemshinda, karakana imejaa redio ambazo hakuna wa kuzifungua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mzee, nilikuwa mwaminifu," nikasema.

"Mimi sikukwambia uwe mwaminifu. Nilikwambia ufunge."

Akageukia ukutani. Niliporudi mara ya pili alikuwa ameshazikwa.

Niliamua kuilipa ile hela. Nikaongeza kopo la tatu kando ya yale mawili, nikaliandika kwa kalamu ya risasi, Mama S. Kila redio niliyoimaliza nilitia kitu humo. Ilikuwa miaka mibaya ya spea. Transista ukiitafuta Mbeya yote huipati, unatoa kwenye redio iliyokufa unaweka kwenye iliyo mahututi. Mtoto wangu wa kwanza akazaliwa, akaugua. Mara mbili nilitia mkono kwenye kopo lile kununua dawa, nikarudisha baadaye. Nilikuwa najiambia nakwenda mbio, kumbe ilinichukua miezi kumi.

Hela zilipotimia nilimtumia salamu kwa dada yake aliyekuwa akiuza vitunguu pale sokoni. Mama Sekela akaja. Nilishtuka. Kitambaa hakikuweza tena kuficha, na sauti yake ilikuwa imebadilika, inatoka kama upepo unaopita kwenye tundu la ufunguo. Nikampa fundo. Akaliweka kifuani, akasema ahsante. Yeye na dada yake walimwambia mumewe kwamba wanakwenda kumwona shangazi mgonjwa kule Rungwe, wakaenda hospitali.

Baada ya siku tano walirudi. Niliwaona kwa mbali wakivuka barabara, dada amemshika mkono, na shingo ikiwa vile vile. Nilijua kabla hawajafika.

"Wamesema limeingia ndani, chini ya mfupa wa kifua," dada yake akaeleza, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikuwa anatafuta pumzi. "Limeshika njia ya hewa. Wakikata atafia kitandani. Ati kama angekuja mwaka jana."

Mama Sekela akatoa lile fundo kifuani, akaliweka mezani pangu, katikati ya waya na risasi ya kulehemia.

"Nimetoa nauli na ya kitanda. Iliyobaki ni hii."

"Mama, hiyo ni ya kwako. Chukua."

"Ya kazi gani sasa?"

Hakunilaani. Nilitamani anilaani. Alipumzika kidogo, akaniuliza mtoto wangu anaendeleaje, nikamwambia hajambo, akasema, "Mshukuru Mungu," wakaondoka kuwahi gari la Umalila. Lile fundo la hela lilikaa kwenye kopo lake miaka mingi. Sikulitumia wala sikumpa mtu. Kwa mtu anayefundisha wenzake habari za kutunza hela, huo ni ujinga, kwa sababu thamani ya zile noti ilizidi kushuka hadi hazinunui hata betri. Lakini kuna hela ambayo mtu hana mahali pa kuipeleka.

Alikufa masika iliyofuata. Wanasema alibanwa alfajiri, na Mzee Mwazembe na vijana wa jirani wakambeba kwenye machela kuteremka kwenda barabarani, na njiani akanyamaza. Nilipanda Umalila kwenda msibani. Sikutaka kwenda, lakini kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Mvua ilikuwa inapiga yale mabati kwa kelele hata mchungaji aliposoma neno hatukumsikia, tuliona tu midomo yake inacheza. Bati kumi na nane, mapya, yanang'aa. Niliyahesabu mara nyingi siku ile kwa sababu sikuweza kumtazama mtu usoni.

Mvua ilipopungua Mzee Mwazembe alisimama kushukuru waliokuja. Akataja kanisa, akataja majirani, akataja ukoo wa mkewe. Halafu akaninyooshea mkono mimi.

"Na huyu mnayemwona pale ni fundi wa Mbalizi. Mnamsikia tu. Mtu huyu alikuta hela ndani ya redio yangu, akanirudishia yote, mbele ya watu. Siku hizi watu wa hivi hapana. Na leo amekuja kunizikia."

Watu wakageuka. Wazee wakanipa mikono. Mmoja akaniambia, "Mungu akuzidishie." Dada wa marehemu alikuwa anagawa chakula. Alifika mbele yangu, akaniwekea ugali na maharage, akanitazama, akapita kwa mwingine. Nilikaa na sahani ile mapajani mpaka chakula kikapoa.

Nilipoaga, Mzee Mwazembe akasema atanisindikiza kidogo. Tulikwenda kwenye utelezi, yeye mbele na mimi nyuma, mpaka mahali ambapo njia inaanza kushuka. Akasimama.

"Fundi. Lile fundo halikuwa langu."

"Najua, mzee."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. "Shemeji amenieleza jana zilikuwa za nini. Mimi nilidhani anataka kurudi kwao. Nikasema moyoni, hela ya kunikimbia ameificha ndani ya redio yangu mwenyewe. Ndiyo maana sikuuliza." Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ukingo wa kofia yake. "Angeniambia tu, fundi. Mtu si unasema."

Sijui ni nini kilinipa ujasiri. Labda nilitaka mwenzangu wa kubeba naye mzigo. "Angekwambia, mzee, ungempa?"

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alitazama kule nyumbani, ambako moshi wa msiba ulikuwa unatoka chini ya yale mabati, mpaka nikajuta kuuliza.

"Nisingempa," akasema.

Akanipa mkono, akarudi kwa watu wake. Mimi nikateremka kwa miguu mpaka Mbalizi, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyolikataa lile jina, nitakavyosimama kibarazani niwaambie watu wote jambo nililofanya na kwa nini nililifanya.

Jumatatu asubuhi nilipofika kufungua, nilikuta watu wanne wamekaa kwenye ngazi, wametoka Umalila na alfajiri, kila mmoja na redio yake mapajani. Walikuwa wamenisikia nikisifiwa msibani.

"Ndiye Fundi Mwaminifu?" mmoja akauliza.

Mwenye duka akajibu kabla yangu kwamba ndiye. Nilizipokea redio zote nne.